Jiwe linasema 1968, ukuta unasema mengine: kanisa letu la Kibaptisti chini ya Rwenzori

MwanaBonde (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi utakuwa mrefu, anayetaka chai aiweke jikoni kabisa.

Mji wetu ni mdogo, uko magharibi mwa Uganda, barabara ya Kasese kwenda Mpondwe mpakani na Kongo. Siutaji, maana wanakamati wa kanisa wamo humu na sitaki Jumapili niitwe mbele. Anayelijua kanisa atalijua tu: bati limekuwa jekundu kwa kutu, mlango ni mpana kama wa gereji, na kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, kinagongwa kwa nati kubwa. Ukuta wa kusini una ufa uliozibwa kwa saruji, ukiutazama kwa mbali unadhani mshono wa mtu aliyepasuliwa tumbo.

Kamati imeamua kulibomoa na kujenga jipya. Mimi sipingi. Mvua ikinyesha kwaya inahamia upande wa wazee, na bati lile halizibiki tena. Ninalopinga ni kibao. Wameshaagiza kibao cha marumaru cha kuweka getini, kimeandikwa "Tangu 1968", kwa sababu jiwe la msingi lililo pembeni ya mlango linasema 1968 pamoja na jina la mgeni aliyelizindua.

Nikampelekea bibi habari hiyo. Bibi yangu ndiye mshirika mkongwe kuliko wote waliobaki. Alicheka mpaka akashika ubavu. "1968 nilikuwa nabeba mtoto wa pili mgongoni. Harusi yangu ilikuwa humo humo ndani." Harusi ilikuwa lini, bibi? Mwaka haujui. Anachojua ni kwamba ilikuwa kabla ya tetemeko, lile lililokuja Jumapili alfajiri, ukuta ukapasuka, wakaabudu chini ya mwembe miezi mingi.

Basi nikakaa chini kutafuta. Tetemeko kubwa la huku kwetu, lililoua watu wengi pande za Bundibugyo na ng'ambo ya Kongo na kuvuruga Fort Portal, lilikuwa 20 Machi 1966. Nikafungua kalenda ya mwaka ule: Jumapili. Nywele zilinisimama.

Kwa hiyo kama bibi hakosei, kanisa lilikuwa limesimama kabla ya Machi 1966, na kibao cha marumaru ni cha uongo kabla hakijafika getini. Wenye kujua majengo, wenye wazee bado hai, karibuni.

Mla_Kalo

Nimeweka mkeka hapa. Endelea.

MwalimuMstaafu

Ndugu, umeandika vizuri, lakini usiwe na haraka na kamati yako. Wabaptisti wa Marekani wa majimbo ya kusini waliingia Kenya na Tanganyika 1956. Uganda walifika 1962, mwaka ule ule wa uhuru, na walianzia huku mashariki na kati, Jinja na Kampala. Mpaka wafike milima ya kwenu, wanunue kiwanja, wajenge, 1968 inakaa sawa kabisa. Bibi anaweza kuwa aliolewa kwenye banda la nyasi lililokuwa pale pale. Banda na kanisa ni vitu viwili.

MwanaBonde

Mwalimu, shikamoo. Miaka yako siipingi. Ninachosema ni kwamba huku kwetu Ubaptisti haukuja na wageni wa Jinja. Ulikuja na watu wenye majembe.

Reli ilifika Kasese 1956, na mwaka huo huo Kilembe wakaanza kutoa shaba. Watu walimiminika: Wakonzo wa juu mlimani, Watoro, Wakiga, Wajaluo waliofuata reli, na Wanande kutoka Kongo. Mgodini hapakuwa na lugha moja ya mama, ndiyo maana Kiswahili kilishika. Babu alikuwa msukuma vigari vya mawe. Anasema bibi kwamba kikundi cha kwanza cha sala kilikuwa cha wanaume wa zamu ya usiku, wakitoka mgodini asubuhi wanaimba nyuma ya nyumba za kambi kabla ya kulala. Aliyewafundisha nyimbo alitoka Butembo.

BintiWaButembo

Hapo umenigusa, kaka. Kwetu Kivu ya Kaskazini, Wabaptisti walitangulia zamani sana, kituo cha Katwa pale karibu na Butembo kilikuwepo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Leo jumuiya ya Wabaptisti wa kwetu ina makao Goma na imejaa Beni na Butembo. Mkonzo na Mnande ni mtu mmoja aliyekatwa na mpaka, lugha ile ile, mashamba ng'ambo zote mbili. Mtu alivuka mto Lubiriha, ulio mpakani, kwenda kuuza maharage na kitabu chake cha nyimbo kikiwa kapuni.

Halafu 1964, vita vya Simba, wale waasi wa Kongo. Watu wetu walikimbilia Uganda kwa makundi. Marehemu baba alikuwa mtoto, alinisimulia walilala siku nyingi kwenye "kanisa la tofali lisilo na dari" upande wa Uganda, na asubuhi walihesabu nyota kupitia mapengo ya nyasi za paa. Hakunitajia mji. Lakini tofali alisema, si fito na udongo. Hilo alilisisitiza, kwa sababu kwao kanisa la kijiji lilikuwa la miti.

MwanaBonde

Dada, wasingya kutsibu, asante sana. Ukuta wa tofali, paa la nyasi. Hilo hata bibi alilisema na mimi nikalipita! Alisema siku ya harusi mjusi alimwangukia msimamizi wake kutoka kwenye nyasi.

KamatiSauti

Mwenye uzi, umesema hutaki kuitwa mbele lakini umetuanika. Sawa. Mimi nimo kwenye kamati, na ninasema hivi: ufa wa ukuta wa kusini ni wa 1994. Nilikuwepo. Usiku ule niliruka dirishani na shuka. Asubuhi tulienda kanisani tukaukuta ukuta umefunguka, unapitisha mkono. Ilikuwa Jumapili pia! Bibi tunamheshimu, ni mama yetu sote, lakini mtu mzima huchanganya. Hatuwezi kuandika historia kwa kicheko cha bibi.

Mla_Kalo

Hapo sasa pamenoga.

MwanaBonde

Mzee wangu, heshima yako iko pale pale. Nimekagua: tetemeko la 1994 lilipiga usiku wa kuamkia Jumapili, 6 Februari. Kwa hiyo nawe unasema kweli. Matetemeko mawili makubwa, yote mawili yamekuja Jumapili kabla ya jua. Sijui milima hii ina ugomvi gani na ibada.

Naona hoja yangu ya ufa imeyumba. Nakiri.

FundiTanuri

Msikiri mapema hivyo. Nimesoma yote kimya. Mimi ni mwashi, nimejenga na kubomoa Kasese, Hima, Bwera mpaka Fort Portal, na ukuta huwa nausoma kabla sijaugusa. Mwenye uzi, naomba ufanye haya:

Nenda ukuta wa kusini, mahali plasta ilipobanduka, ukwangue kati ya tofali na tofali kwa ncha ya msumari. Anzia chini kabisa, panda kozi (safu ya tofali) moja moja. Niambie msumari unaingia wapi na unagoma wapi. Pili, pima tofali la chini na tofali la juu. Tatu, angalia ufa unaanzia wapi na unaishia wapi, na kama upo mmoja au miwili.

Sababu yake ni hii. Zamani za kina babu, watu wengi walijengea kwa udongo tu, saruji ilikuwa ya matajiri. Kiwanda cha saruji kilikuwa Tororo, mwisho wa nchi upande wa pili, mfuko uletwe kwa treni. Ukuta wa udongo ukitikiswa hupasuka ngazi ngazi, unafuata viungo. Wa saruji ukitikiswa hukata tofali lenyewe katikati. Nyufa za aina mbili, ukishaziona mara moja huzisahau.

MwalimuMstaafu

Fundi, hilo ni darasa. Mwendelezo tafadhali.

MwanaBonde

Nimerudi, nina vumbi mpaka masikioni. Mlinzi alidhani naiba.

Kuanzia chini, kozi 14 za kwanza, msumari unaingia kama kwenye ugali wa jana. Udongo mtupu, mwekundu. Kozi ya 15 msumari unagoma, saruji. Tofali za chini ni fupi na nene, hazilingani, nyingine zimeungua nyeusi kama mkaa upande mmoja. Za juu ni ndefu na zote sawa. Tofali moja la chini, karibu na pembe, lina alama ya kwato. Mbuzi alipita juu yake likiwa bichi limeanikwa, na mfyatuaji hakulitupa. Nililiangalia hilo kwato muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Nyufa ni mbili, fundi. Ule uliozibwa kwa saruji unapanda mpaka karibu na paa, na kule juu unakata tofali katikati kama ulivyosema. Lakini kuna mwingine, upande wa nyuma ya mimbari, umejificha ndani ya chokaa. Huo unakwenda ngazi ngazi, na kwenye kozi ya 14 unakoma. Juu yake ukuta ni mzima.

FundiTanuri

Basi nawaambia ninavyouona. Ule mrefu ni wa 1994, mzee wa kamati kaona kwa macho yake, tusimbishie. Ule wa ngazi uliingia wakati kozi za juu hazijawekwa. Ukuta wa kwanza ulipasuka, wakaushusha mpaka mahali palipo imara, wakaanza upya kwa saruji na tofali nyingine. Hayo ya juu na bati ndiyo nadhani ya 1968. Zile nyeusi za chini ni za tanuri la kienyeji, zilikaa karibu na mdomo wa moto. Tanuri huwaka siku mbili tatu bila kulala, na zile za mdomoni huiva kupita kiasi. Mtu mwenye fedha huzitupa. Hawa walizijengea.

Tahadhari moja: ufa wa ngazi unaweza pia kuletwa na msingi uliotitia, huko kwenu udongo wa bondeni hutanuka mvua zikija. Ukuta hauna kalenda. Lakini ukiweka na maneno ya bibi na ya baba wa dada wa Butembo, mimi ningeogopa kuandika 1968.

KamatiSauti

Hmm.

Nitauangalia mwenyewe huo wa nyuma ya mimbari.

Reli_ya_Zamani

Na ile kengele? Reli huwa zimeandikwa ubavuni, mwaka na kiwanda. Mwenye uzi angalia.

MwanaBonde

Niliangalia mkuu, kutu imekula herufi. Na hata kama zingesomeka, zingetuambia reli ilitengenezwa lini tu, siyo ilitundikwa lini. Lakini kuna kipande kingine chembamba, cha vile vijireli vya vigari vya mgodini, kimelazwa juu ya dirisha la nyuma badala ya linta. Kwenye ukuta wa chini, ule wa udongo. Kilitokaje Kilembe? Bibi nilipomuuliza alianza kuzungumzia mihogo.

Mla_Kalo

Hahaha, babu alikisukuma kwa kazi ya Bwana.

Kijana_wa_Bwera

Naomba kuuliza kitu kingine. Huo mlango mpana vipi? Kanisa la nini hilo linaloingiza lori.

MwanaBonde

Nilijua mtauliza. Hapo ndipo uzi unapokuwa mzito.

Septemba 1977, serikali ya Amin ilipiga marufuku mashirika ya dini 27 kwa mpigo. Walioachwa ni Wakatoliki, Kanisa la Uganda, Waorthodoksi na Waislamu. Wabaptisti tulikuwa kwenye orodha ya waliofungwa. Ilikuwa miezi saba tu tangu Askofu Mkuu Janani Luwum auawe, Februari 16, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kujaribu ubishi.

Wazee walisikia redioni jioni. Usiku ule ule wakahamisha mabenchi, wakayagawa kwenye nyumba tatu. Benchi moja bado liko kwa jirani yetu, linakaliwa na kuku. Jengo likabaki tupu, kisha mfanyabiashara mmoja wa pamba akalichukua kuwa ghala. Marobota hayakupita mlangoni, akavunja ukuta wa mbele, akapanua. Ndiyo mlango huo. Waliporudi hawakuuziba, hawakuwa na tofali, na baadaye watu wakauzoea kwa sababu jeneza linapita bila kuinamishwa.

Ndani ya chumba tunachokiita stoo, ambacho zamani kilikuwa chumba cha mchungaji, chokaa imebanduka kidogo nyuma ya kabati. Chini yake kuna hesabu za mkaa. Vijiti vinne vinne na kimoja cha kukata, mistari na mistari, kutoka usawa wa goti mpaka bega. Mtu alikuwa akihesabu magunia ya pamba ukutani mwa kanisa, siku kwa siku. Nimezihesabu mafungu 61 na bado kabati halijasogezwa.

Kijana_wa_Bwera

Mbona mimi nimesikia ni 1973?

MwalimuMstaafu

Zilikuwa awamu mbili, mwanangu. 1973 alifunga vikundi 12 vidogo, wakiwemo Mashahidi wa Yehova. 1977 ndiyo alifagia 27. Watu huzichanganya. Na usisahau kwamba 1973 hiyo hiyo ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ndiyo maana wazee wengi wa Buganda mpaka leo wakisikia Kiswahili wanatafuta mahali pa kujificha.

Mwenye uzi, wakati wa marufuku mlisali wapi?

MwanaBonde

Majumbani, kwa sauti ya kunong'ona. Wengine walikwenda Kanisa la Uganda, wakakaa nyuma. Bibi alikwenda. Anasema walipokelewa vizuri, ila watoto walipoletwa kunyunyiziwa maji kichwani yeye alitoka nje kutafuta hewa. Mbaptisti ni Mbaptisti, mtu mzima huzamishwa mwili mzima. Yeye alizamishwa Nyamugasani, maji yanayoshuka moja kwa moja kutoka mlimani, na anasema alipoibuka hakuweza kutamka "amina" kwa jinsi meno yalivyokuwa yakigongana.

1979 Watanzania walipopita na Amin akakimbia, mabenchi yakarudi moja moja. Yalirudi manane kati ya 14.

BintiWaButembo

Kaka, kwa nini lakini hakuna maandishi? Kwetu Katwa kuna madaftari.

MwanaBonde

Kwa sababu ya jinsi tulivyo, dada. Mwanglikana akipoteza karatasi ana dayosisi, na juu ya dayosisi kuna Namirembe, kwenye kanisa kuu lao kule Kampala. Wao wanajua hata kanisa lao lipi la pale Namirembe liliangushwa na dhoruba 1894, lipi liliunguzwa na radi 1910, na hili lililopo kwamba lilikamilika 1919. Sisi kila kanisa linajitawala lenyewe, halina askofu, maamuzi ni ya mkutano wa washirika. Jambo zuri hilo, nalipenda. Lakini maana yake ni kwamba kumbukumbu zote zilikuwa kwenye sanduku moja, kwa katibu mmoja. Sanduku lilifichwa 1977 ndani ya kichuguu. Mnajua mchwa wanavyopenda karatasi.

Katibu aliyechagua kichuguu hicho, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Hakuwa mkulima.

Hata kiwanja hakina karatasi ya zamani. Kilitolewa na mzee wa ukoo kwa mdomo, mbele ya mashahidi na mbuzi. Baadaye amri ya ardhi ya 1975 ikafanya ardhi yote kuwa ya umma, na baada ya hapo kila mtu akawa anasubiri mwingine aende ofisini. Mkitaka kujua kwa nini jiwe la 1968 lina nguvu hivi mbele ya kamati, ni hilo tu: ndiyo maandishi pekee tuliyonayo. Jina la mgeni limechongwa. Mfyatua tofali hakuchonga, aliacha kwato la mbuzi wake.

KamatiSauti

Nimekwenda. Nilikwenda na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na fundi wetu mwingine, siyo huyu wa humu.

Ufa wa nyuma ya mimbari upo. Unaishia kozi ya 14, nimehesabu mara mbili. Fundi wetu naye kasema ukuta una umri mbili.

Kibao kimeshachongwa na fedha imeshalipwa, nusu. Siwezi kuahidi kitu ambacho mkutano wa washirika haujapitisha. Lakini nimemwambia mchongaji asimame kwanza. Na bomoabomoa haianzi kabla ya Pasaka.

Mwenye uzi, muulize bibi aliolewa na mchungaji yupi. Mama yangu naye aliolewa humo, na alikuwa akitaja jina la Kikongo ambalo sikulishika.

MwanaBonde

Mzee wangu, Mungu akubariki, na samahani kwa kukuanika. Nimemuuliza sasa hivi. Anasema jina analikumbuka vizuri ila leo amechoka, nirudi na sukari.

FundiTanuri

Kabla hamjabomoa: kwenye hizo kozi za udongo tofali zinatoka nzima ukizitoa kwa mkono, hazishikani kama za saruji. Msiingize tingatinga upande wa kusini. Na zile hesabu za mkaa zipigwe picha kabla kabati halijaburutwa, kabati litazifuta.

MwanaBonde

Jumamosi saa nne asubuhi tunasogeza kabati. Tunahitaji watu wanne wenye mgongo mzima, na anayekuja aje na tochi, stoo haina taa.